Kiti Kinachotazama Ukuta

Kiti kilikuwa na joto.

Msimamizi wa karakana ya kushona sare, ambaye mafundi walimwita Nyundo akiwa hayupo, aliondoa mkono upesi. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu asubuhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekigeuza kitazame ukuta: fundi aliyeharibu kitambaa alikaa hapo mpaka saa ya kutoka, amewapa wenzake mgongo, akizomewa. Wa mwisho alikuwa Mama Vifungo. Alijikojolea, na wote wakaona. Hakurudi tena kazini.

Sasa chumba kilinuka mkojo. Walifungua madirisha, wakapiga deki kwa dawa, harufu ikazidi. Kisha, mchana kweupe, cherehani ya Mama Vifungo ikaanza kukanyagwa bila miguu, polepole, na kutoka kitini ikasikika sauti ya mwanamume ikinong'ona, "Mzigo wewe! Hata mbuzi angeshona!", na mafundi wakainamia vitambaa vyao, maana sauti ile kila mmoja aliijua, na mwenye sauti alikuwa amesimama mlangoni, mdomo kaufumba.

Mganga, bibi mfupi wa maneno machache, aliitwa. Alinusa hewa.

"Jini hili halikutumwa na mtu, mwanangu. Umelifuga. Limenenepa kwa maneno yako."

"Nilifukuze vipi, bibi?"

"Mlete yule mama. Mwombe radhi palepale, mbele ya walewale."

"Mbele ya mafundi wangu? Si watanicheka!"

"Kwani yeye hawakumcheka?"

Nyundo hakuweza. Jioni alikwenda peke yake kwa Mama Vifungo, akanong'ona mlangoni, "Dada, nisamehe. Yaishe hapa hapa, baina yetu."

Mama Vifungo alimtazama kupitia upenyo wa mlango. "Kaka, nguo ulinivua hadharani. Sasa waja kunivika uchochoroni?" Akafunga taratibu.

Kesho yake karakana ilikuwa shwari. Harufu ilikwisha, mafundi wakataniana tena. Nyundo alirudi nyumbani kifua mbele.

Sebuleni, kiti chake kilitazama ukuta.

"Nani amekigeuza?"

"Si wewe?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini. "Baba watoto, mbona kinanuka?"

Alikigusa. Kilikuwa na joto.

"Kaa!" ilifoka sauti yake mwenyewe, naye hakuwa amefumbua mdomo. Miguu ikamtii. Akakaa, akiutazama ukuta, na nyuma yake, mkewe na watoto wakimtazama, akahisi suruali inalowa.