Kipimo Hakidanganyi, Mama

"Mama, unamuua baba."

Aliyenitamkia maneno hayo si jirani, wala si mkamwana. Ni mwanangu wa kumzaa. Wa pekee!

Alisimama kwenye mlango wa chumba chetu, begi la kazi bado liko begani, ameshika ile mashine ndogo ya kupima sukari. Akanigeuzia kioo nione namba.

Ishirini na moja.

Na mimi asubuhi ile ile nilikuwa nimepima, ikasoma sita, namba nzuri kabisa...

Ngojeni niwaeleze taratibu, wanangu mnaosoma hapa. Kisa hiki ukikiharakisha hukioni.

Mume wangu alikuwa fundi saa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mimi mkewe. Ugonjwa wa sukari ulipompata, nesi alinifundisha: toboa kidole pembeni, pata tone, gusisha kijiti cha mashine, subiri namba.

Kila asubuhi nilimletea beseni na sabuni. Ananawa, anajifuta kwa taulo, ndipo nampima, namchoma sindano yake ya dawa, kisha chai yake isiyo na sukari. Huko kunawa mimi nilikuona ni usafi tu wa mtu aliyetoka kulala.

Alasiri tulikaa barazani. Vidole vyangu vina yabisi, kumenya siwezi. Basi yeye hunimenyea chungwa kwa kisu chake kidogo, ganda linatoka refu bila kukatika, kama utepe. Anatoa na kokwa, moja moja. Mwenyewe haonji hata kipande.

Husema, "Kula wewe, bibie. Mimi nashiba kwa kukutazama."

Nami humjibu kwamba uongo huo huo ndio alionioa nao.

Maganda nampelekea jirani, ana mbuzi.

Sasa huyu mwanangu ni fundi umeme. Mtu wa mita huyo! Kwake yeye kisichopimika hakipo. Siku hiyo alirudi kutoka kazini mapema, akasema ngoja leo nimpime baba mwenyewe. Akapangusa kidole kwa pamba yenye spiriti, akatoboa. Ndiyo hiyo ishirini na moja.

Akasema namba zangu za asubuhi ni za kutunga. Akasema kuna vitamu nampa baba yake kwa siri, eti mapenzi ya kizee. Nikaapa. Fundi naye akamwambia mama yako hajanipa kitu.

"Kipimo hakidanganyi, mama. Watu ndio wanaodanganya."

Nilimlea kwa maziwa haya, leo ananiita mwongo mbele ya mume wangu...

Kuanzia hapo akanipokonya kazi. Mashine, sindano, dawa, vyote akavihamishia chumbani kwake. Hata kopo la sukari la jikoni akalifungia. Asubuhi anawahi kazini, kwa hiyo akawa anapima jioni tu, akirudi. Na kila jioni namba iko juu. Na kila ikiwa juu anaongeza dawa ya kushusha sukari kwenye sindano, bila kumuuliza daktari.

Fundi akaanza kutetemeka. Saa ya mteja ikamponyoka. Asubuhi shuka limelowa jasho, nakamua kama nguo ya kufua. Nikamwambia mwanangu baba yako haendi vizuri. Akanijibu kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ukali, kwamba hiyo ndiyo sukari yenyewe, huoni namba, mama?

Jioni ya mwisho Fundi aliniita kwa jina la dada yake, marehemu. Mwanangu akaingia, akapima. Juu. Akavuta dawa kwenye sindano. Nikamshika mkono. Akauondoa mkono wangu kama anavyoondolewa mtoto kwenye jiko.

Chakula hakijapoa, kichwa cha mume wangu kikalala upande...

Hospitalini, dada wa maabara alimtoa damu kwenye mshipa wa mkono. Akarudi mbio mbio.

"Sukari imeshuka sana. Apewe dripu ya sukari, sasa hivi."

Mwanangu akasimama mbele ya kitanda, kaitandaza mikono. "Mna wazimu? Nimempima mwenyewe, iko juu! Mnataka kummaliza?"

Daktari akanitazama mimi. "Mama, unasemaje?"

"Mwekeeni."

"Akifa, mama, ni wewe," mwanangu akasema.

Nikasema ni mimi. Wakamsogeza mwanangu pembeni.

Nesi alipokuwa anatafuta mshipa, yule dada aliomba mashine ya mwanangu. Akapima kidole kile kile, kama kilivyo. Juu!

Kisha akakiinua kidole, akakinusa.

"Mzee ameshika chungwa leo?"

Akaleta maji na sabuni. Akakiosha, akakikausha vizuri, akatoboa tena. Mashine ile ile, kidole kile kile.

Mbili.

"Ulikuwa unapima maji ya chungwa, kaka," alimwambia. "Spiriti ni ya vijidudu. Sukari ya tunda inataka maji na sabuni."

Machungwa yangu, jamani. Kitu ambacho hakukionja, alinimenyea mimi tu.

Dripu ilifanya kazi. Sukari ilipanda. Fundi hakuamka.

Msibani mwanangu hakulia. Wageni walipokwisha, alikuja akakaa sakafuni karibu na miguu yangu.

"Waya ukiwa na kutu, mama, nausugua kwanza ndipo naweka mita. Kila siku nawafundisha wenzangu hivyo. Kidole cha baba sikukisugua."

Ndugu walitaka nimfukuze. Nimezika mmoja, nizike wawili?

Wanangu, kama nyumbani kwenu kuna mashine hiyo, mgonjwa anawe kwanza kwa maji na sabuni, akauke, ndipo mtoboe. Namba ikikushangaza, mnawishe upya, rudia. Akitetemeka na kutoka jasho huku namba inakwambia sukari iko juu, mwamini mgonjwa, mkimbizeni hospitali. Na kiasi cha dawa anayebadilisha ni daktari.

Mwaka huu mwanangu naye amepatikana na sukari. Mashine anayo, macho anayo, lakini kupima mwenyewe hataki. Kila asubuhi anakuja chumbani kwangu, anakaa pale pale alipokuwa akikaa baba yake, ananyoosha mkono.

Namletea beseni. Namwosha kidole kimoja kimoja, kama nilivyokuwa nikimwosha matope akitoka kucheza.

Huwa anageukia dirishani. Mimi nakausha vidole, nakausha tena... na jana aliniambia, bila kugeuka, "Vimeshakauka, mama."

Nikamwambia najua.