Mashine ya Thelathini na Moja

Ofisi ilikuwa na kompyuta thelathini, na aliyelijua hilo kuliko wote ni Fundi, kwa sababu ndiye aliyezifunga kwa mikono yake, akitambaa chini ya meza huku wenzake wakimtania kwamba magoti yake yameota sugu kama ya ngamia. Kwa hiyo siku mtandao ulipomwambia ziko thelathini na moja, alihesabu upya kwa kidole.

Ilikuwa ofisi ya kupokea simu za wateja. Watu walikaa safu tatu, hedifoni masikioni, wakiomba radhi kutwa nzima kwa makosa ya wengine. Meneja, mtu aliyependa tarakimu kuliko salamu, alitaka kujua nani mvivu. Alimwamuru Fundi apitishe programu kwenye mtandao mzima, itafute huduma zote za kupima utendaji zilizolala ndani ya mashine, iziunganishe zitoe ripoti moja: nani kapokea simu ngapi, nani kanyamaza sekunde ngapi, nani kaenda msalani mara ngapi.

Kazi ya programu ile ni kuuliza tu. Inabisha hodi kwa kila mashine: yupo anayepima hapa? Thelathini ziliitika papo hapo. Ya mwisho iliitika baada ya dakika nzima, na haikusema iko meza gani.

"Dada, mbona umetoa macho hivyo?" aliuliza mdogo wake. Naye alifanya kazi pale, meza ya kumi na mbili, mimba yake ikiwa ya miezi saba na miguu imevimba kama mikate.

"Kuna mashine siijui."

"Basi isalimie, usiwe na kiburi."

Wakacheka. Fundi akafuata waya mmoja mmoja hadi ukutani, asione kitu. Ila ripoti ilionyesha kwamba mashine ile ilikuwa kazini, haijanyamaza hata sekunde moja. Meneja alipoisoma alisugua viganja. "Huyo ndiye mfanyakazi! Wote wapimwe kwa kipimo chake."

Ijumaa ya wiki ile, saa saba mchana, watu walikwenda kula. Fundi alibaki peke yake, na katika ukimya wa ofisi akasikia mtu anachapa, taratibu, kwa kucha ndefu. Viti vyote vilikuwa vitupu. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, kisha printa ikaamka yenyewe na kutema karatasi: majina ya wote, kuanzia mwenye kasi hadi mzembe. La mwisho lilikuwa la kijana wa safu ya tatu waliyemwita Mcheshi. Lilipigiwa mstari.

Jumatatu Mcheshi alikuwa katikati ya simu ulimi wake ulipolala mdomoni kama samaki aliyekufa. Hajasema neno tena mpaka leo.

Ijumaa iliyofuata karatasi ilitoka tena, saa ileile, harufu ileile. Mstari ulimwangukia mama mmoja wa safu ya kwanza. Fundi alimvuta pembeni.

"Jumatatu usije kazini, dada yangu. Jifanye unaumwa."

"Kwa nini?"

"Usiniulize. Kaa tu nyumbani."

Alikaa nyumbani. Jumatatu asubuhi alikuwa anachambua mchele uani, akawauliza wanawe kwa nini kumekuwa giza. Macho yake yalikuwa wazi, na jua lilikuwa limewaka.

Hapo Fundi akajua kwamba kukimbia si dawa. Alifuta programu, ikarudi. Alizima seva, akachomoa nyaya, akaziacha zimelala sakafuni kama nyoka waliouawa, na hesabu ikaendelea kwenye skrini ya simu yake mwenyewe. Alimweleza Meneja. Meneja alimtazama kwa huruma kidogo. "Simu zimeongezeka karibu maradufu," alisema. "Wewe unataka nini hasa?"

Jumatano ya wiki ya tatu alifungua orodha kabla haijafika mwisho wake. Wa chini kabisa, tena kwa mbali, alikuwa mdogo wake. Alikuwa anakwenda msalani kila nusu saa, na akisimama hushika mgongo kwanza. Wa kwanza alichukuliwa ulimi, wa pili macho. Fundi aliutazama ule ujauzito ukiwa umeegemea meza, akaelewa huyu atachukuliwa nini.

Wa juu kabisa alikuwa Shangazi, meza ya kumi na tisa. Hakuwa shangazi wa mtu pale. Ni jina la heshima tu kwa mama mtu mzima aliyempa mdogo wake Fundi mto wake wa kiti, yeye akakalia ubao mtupu. Fundi alijiambia: ameshaiona dunia, wanawe wamekua. Alijiambia mengi. Watu walipokwenda kula, aliketi meza ya kumi na mbili, akaibadilishia namba ikawa kumi na tisa, na kumi na tisa akaifanya kumi na mbili, hesabu za wawili hao zikabadilishana.

Ijumaa, mstari ulimpitia Shangazi. Fundi aliichana karatasi na kuitupa chooni.

Jumatatu ilipambazuka, ikafika saa nne, ikafika saa saba, Shangazi akala, akarudi, akamuuliza Fundi mbona leo una jasho, na Fundi akasema ni joto tu, akaendelea kusimama karibu na mlango bila kazi yoyote, akisikiliza sauti za safu zote tatu zikiomba radhi kwa pamoja, mpaka chini ya sauti hizo akaanza kuisikia ile ya kucha, kwanza mbali, kisha safu ya kwanza, kisha ya pili, ikipita meza kwa meza bila haraka, na harufu ya nywele zinazoungua ikaingia puani mwake yeye peke yake, na saa tisa kasoro Shangazi alikuwa anasema, "Samahani kwa usumbufu, mpendwa mteja, tutaku—" na pumzi yake ikakatwa pale kama uzi, akabaki ameketi wima, macho mbele, huku mteja ndani ya hedifoni akiita, "Haloo? Mama? Haloo?"

Baada ya mazishi hakuna aliyekubali kukanyaga ofisini, ndipo Meneja akakubali mganga aitwe. Alikuwa mama mwenye haraka, aliyevaa saa ya mkononi na kuitazama kila mara. Aliwakusanya wote katikati ya safu, akafukiza, akasoma, akaita. Ile harufu ilipanda, vitufe vya kibodi zote vikaanza kushuka na kupanda vyenyewe, na mdogo wake Fundi akaanguka magotini, ameshika tumbo. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa sauti kavu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Wewe nani?" aliuliza mganga. "Nani kakuleta?"

"Sikuletwa. Niliulizwa kama yupo anayepima. Nikaitika."

"Unataka nini utoke?"

"Sitaki kitu. Nitoe ripoti ya mwisho, niende."

Mganga aliacha kutazama saa. Majini aliowazoea huomba marashi, huomba nguo, huomba damu. "Mama," Fundi alinong'ona, "usimruhusu. Nakuomba, mfukuze tu."

"Binti yangu, akitoka kwa hiari, mimba itasalimika. Nikimvuta, sijui." Akamgeukia jini. "Sema, uende."

"Jumatano," ilisema sauti, "saa saba na dakika kumi na nne, Fundi aliketi meza ya kumi na mbili. Alimweka mwenye kumi na tisa mahali pa mdogo wake. Alijua. Kidole chake kilisita sekunde arobaini, kisha kikabonyeza. Utendaji: mzuri sana."

Vitufe vikatulia. Harufu ikakatika. Skrini zikahesabu thelathini. Jini alikuwa ameondoka kweli, na tangu siku hiyo hajarudi. Lakini hakuna aliyeshangilia, maana wote walikuwa wamegeuka kumtazama Fundi, na kijana Mcheshi, aliyekuwa ameletwa pia aombewe, alikuwa akifungua na kufumba kinywa chake bila sauti.

Mdogo wake alijifungua salama, mtoto wa kike. Kwa miezi minne hakupokea simu ya dada yake. Kisha asubuhi moja akabisha hodi, mtoto mgongoni.

"Nimekuletea mwanao," alisema. "Nimepata kazi kwingine. Utakuwa unakaa naye mchana."

Fundi alilia kwa furaha, akanyoosha mikono. "Anaitwa nani?"

Mdogo wake alimtajia. Lilikuwa jina la Shangazi, lile la kuzaliwa, lililosomwa makaburini.

"Na umwite kwa jina lake, dada. Akila, akioga, akicheza. Nisije nikakusikia unamwita 'mtoto'."

Sasa binti ana miaka miwili. Ana afya, ana kicheko. Kila asubuhi Fundi hulitaja jina lile kwa sauti, na mtoto huitika, "Abee, mama mkubwa!" akaja mbio, amefungua mikono yote miwili.