Kikombe cha Sita

Watu walikuwa watano, vikombe sita. Wiebke, mpishi wa tishari la kuzika kebo ya umeme wa upepo, alihesabu mara mbili. Cha sita kilijaa tope linalonuka maiti, na hakikuwa na kijiko. Kwetu Frisia, pwani ya kaskazini mwa Ujerumani, anayetosheka na chai hutia kijiko kikombeni. Asiyetia anaongezewa.

"Nani kaleta uchafu huu?"

Mwanawe Hilko, dereva wa plau, mashine ya kuchimba mtaro wa kebo, alitazama sakafu. "Mama, jana plau ilimkata mtu. Wa zamani, mifupa mitupu."

"Mkamzika?"

"Onno kasema tukiripoti tutasimamishwa, na mabata bukini wakishatua pwani sheria inakataza kazi mpaka mwakani. Kichwa kakitupa mtaroni, tukapitisha kebo juu."

Wiebke akamgeukia Onno, msimamizi mwenye shingo ya fahali. "Mtu aliyefia baharini huvuliwa kofia, akapewa sanduku na msalaba hata kama hana jina. Bibi yako hakukufunza?"

"Bibi yangu hakuwa na tarehe ya kumaliza kazi. Mimina chai, mama." Akakimwaga kile cha sita nje.

Adhuhuri maji yalipokupwa, plau ilikwama. Hilko akashuka kuitazama. Tope likamshika magoti, likamshika kiuno, na chini yake meno yakawa yanasagana, na mkono mweusi usio na nyama ukachomoza ukamkaba shingo.

"Onno, vua kofia umwombe radhi," Wiebke alisema, akimvuta mwanawe kwapani.

Onno aliruka na koleo, kofia kichwani, akaukata ule mkono kwenye kiwiko. Ukamwachia Hilko. Ikatoka mingine, mmoja ukamshika Onno taya ukaling'oa, mwingine ukamshika mguu ukaugeuza kisigino mbele, ikamburuta mtaroni kando ya kebo huku mbavu zikivunjika moja moja kama kuni kavu, hadi mtaro ukatoa povu jekundu na kofia ikabaki juu.

Wenzake walimfukua Onno, wakamzika kwa heshima. Kile kichwa walikiacha. Kukitoa kungebidi kebo ikatwe.

Umeme ulifika majumbani Novemba. Asubuhi hiyo, nyumbani kwake, Wiebke alichemsha maji kwa birika la umeme, akaandaa chai ya mama na mwana. Alipogeuka, vikombe vilikuwa vitatu. Cha tatu, cha tope, kilikuwa ubavuni mwa Hilko.

"Usiguse," alimnong'oneza, akatumbukiza kijiko humo kwa mkono wake mwenyewe.

Akamvuta Hilko mpaka mlangoni, akatazama nyuma. Kijiko kilikuwa kimetolewa, kimefutwa, kimelazwa vizuri kando ya kikombe.