Mkono wa Bi Mwantumu

Kisu cha duara kilizunguka kwa kasi mno hata kikaonekana kimetulia, kama sahani ya kioo iliyosimamishwa wima. Muuzaji alisukuma nyanya mbele yake, na vipande vikaangukia juu ya kadi ya maelezo, vyembamba kiasi kwamba maandishi yalisomeka chini yake. Kisha, bila kuzima chochote, akanyoosha kidole na kukigusisha kwenye makali.

Kisu kilisimama. Hakikupunguza mwendo kwanza. Kilikuwa kinazunguka, na sasa hakizunguki. Wanunuzi waliokuwa wamefumba macho wakayafumbua, na mmoja akacheka kwa aibu.

"Hata mkwaruzo hakuna," alisema muuzaji, akikizungusha kidole chake ili wote wakione. "Hiki ndicho kikatio chenye ngozi-hisi. Nyama ya mbuzi kinaikata. Nyama yako hakiikati."

Hidaya, aliyesimama nyuma ya watu, alijizuia kutabasamu. Muuzaji hakujua kwamba ngozi-hisi ilikuwa kazi yake. Alikuwa mhandisi katika kiwanda kilichotengeneza vikatio hivyo, na tangu amalize chuo alikuwa akitafuta namna ya kukifundisha chuma kutofautisha kilicho hai na kisicho hai. Jibu lilikuwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, uliopakwa kwenye kisu na kwenye mpini. Mwili ulio hai hupitisha umeme hafifu unaofuata mapigo ya moyo. Utando uliusikia umeme huo, na kisu kikafa kabla hakijapata nafasi ya kuchana ngozi.

Hata hivyo alitaka kununua kama watu wengine wanavyonunua. Akakikagua kikatio cha kwanza, kilichokuwa rahisi lakini chenye kiunzi cha plastiki. Alipokipa kipande cha muhogo kilitikisika mezani kama kinataka kukimbia. Cha pili kilikuwa cha chuma kitupu, kinafaa mgahawa, lakini mwanamke wa umri wa mama yake asingeweza kukinyanyua, na kisu chake hakikutoka, kwa hiyo maji ya kitunguu yangejificha nyuma yake mpaka yanuke. Cha tatu kilikunjika, miguu yake ilinata mezani, kisu kilichomoka kwa kuzungushwa mara moja tu na kuoshwa kwenye beseni. Nacho ndicho kilichokuwa na ngozi-hisi.

Muuzaji akamuuliza anamnunulia nani. Hidaya akasema ni mama yake.

"Basi chukua hicho, dada," alisema muuzaji. "Mama hanunuliwi cha kujaribia."

Alikichukua kwa moyo mweupe, na alikuwa na sababu kubwa kuliko kukata nyanya.

Katika mji wa Mkwaja Mpya, uliojengwa mlimani baada ya maji kuumeza ule wa zamani, kila nyumba ya mzee anayeishi peke yake ilikuwa na mwangalizi. Hii ilikuwa akili unde isiyo na uso, iliyokaa ndani ya kuta, ikisikiliza milango, majiko na vyombo vyote vya umeme. Mzee aliyeanguka bafuni alipata msaada kabla hajaita. Hilo lilikuwa jema, na hakuna aliyelipinga. Lakini mwangalizi akiona kwamba mikono ya mzee haiaminiki tena, alifunga jiko na visu, na mwenye nyumba akatakiwa achague: kuhamia kwa jamaa au kupelekwa makao ya wazee. Mzee aliyeacha kupika naye alihesabiwa hivyo hivyo. Watu walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya vikombe viwili vilivyovunjika.

Jambo hilo lilimuumiza Hidaya. Ndiyo maana aliweka ngozi-hisi kwenye mpini pia, ipime utulivu wa mkono unaoushika na kumpelekea mwangalizi kipimo cha kweli. Aliamini kwamba mzee akipimwa kwa haki, atabaki kwake. Na Bi Mwantumu, mama yake, hakuomba kitu kingine duniani ila kubaki kwake, katika jiko lake, kwenye ghorofa ambayo mtaa wao mzima wa zamani ulihamishiwa pamoja.

Bi Mwantumu alikuwa mkataji wa shughuli. Harusi ikikaribia, wanawake wa mtaa walikusanyika kwake mchana, kila mmoja na kisu na ubao wake, wakakata vitunguu vya biriani mpaka macho yakawavimba. Hapo ndipo waliogombana walipatanishwa, na mwenye shida aliisema huku analia bila mtu kujua ni machozi ya nini. Bi Mwantumu ndiye aliyeangalia unene wa vipande. Kinene alikirudisha kwa aliyekikata bila kusema neno.

Siku Hidaya alipokileta kikatio, mama yake alikizunguka kama mgeni aliyeingia bila hodi. Bi Tunu, jirani wa mlango wa pili na shoga yake tangu usichana, alisikiliza maelezo yote ya mpini na mapigo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakifanyi kazi mpaka kishikwe mkono? Basi hiki si kisu, hiki ni bwana harusi."

Wakacheka wote. Bi Mwantumu alicheka pia, mikono yake ikiwa ndani ya kanga. Hidaya akauandikisha mkono wake kwenye mashine siku ile ile. Mama aliukandamiza mpini kwa nguvu, kwa mikono yote miwili, na taa ikawaka kijani.

Tangu hapo, kila Ijumaa Hidaya alipata taarifa kutoka kwa mwangalizi: mkono wa mama yako ni imara. Aliisoma akiwa kazini na siku yake ikanyooka. Alikuwa na kazi nyingi, na safari ya kwenda upande ule wa mji ilikuwa ndefu, kwa hiyo kijani kile kikawa ndiyo salamu yake. Akimpigia simu mama, alimwambia kwa furaha kwamba mkono wake unazidi kuwa kijana. Mama aliitikia, "Alhamdulillahi."

Maneno yale ya ujana ndiyo yaliyomletea wasiwasi wa kihandisi. Aliyasema kwa mzaha, lakini alipoyatazama mapigo yenyewe aliona mkono wa mama yake una umri wa mwanamke wa miaka sabini Jumatatu, na Jumatano una umri wa mwanamke ambaye hajafika thelathini. Alihitimisha jambo ambalo mhandisi yeyote angelihitimisha: ngozi-hisi ilikuwa na kasoro, ilichanganya ishara. Na kama ilichanganya kwa mama yake, ilichanganya mji mzima. Ipo siku ingemdhulumu mzee mwenye mkono mzuri kwa kumpa mtetemo usio wake. Wazo hilo lilimnyima raha.

Alifanya kazi kwa bidii ya mtu anayeokoa watu. Alikifundisha kikatio kuutambua mkono wa mwenye nyumba peke yake, kwa namna moyo unavyosukuma damu hadi kwenye vidole, jambo ambalo halifanani kwa watu wawili. Mkuu wake, Bwana Shekue, alimpongeza mbele ya wote, na marekebisho yakatumwa katika kila nyumba siku hiyo hiyo, kimya kimya, kupitia kuta.

Kesho yake ilikuwa siku ya kukata vitunguu kwa ajili ya harusi ya mdogo wa Chausiku, mke kijana wa mtoto wa Bi Tunu. Hidaya aliomba ruhusa akaenda, ana habari njema mdomoni.

Aliwakuta wamejaa jikoni, vitunguu vimerundikwa kwenye masinia. Alisema hodi na shikamoo zake, lakini sauti zilizomwitikia zilikuwa chache. Chausiku alikuwa amesimama mbele ya kikatio, mkono juu ya mpini, na taa ilikuwa nyekundu.

"Mkono huu si wa mwenye nyumba," mashine ilisema kwa adabu. "Mwenye nyumba aweke mkono wake."

Chausiku akaondoa mkono, Bi Tunu akaweka wake. Mashine ikarudia maneno yale yale. Bi Tunu aliufuta mkono kwenye kanga, akauweka tena, akaukandamiza kama alivyomwona Bi Mwantumu akifanya siku ya kwanza. Nyekundu.

Hapo Hidaya akaanza kuelewa, na alitamani asielewe. Alitazama mikono iliyokuwa mle chumbani, ya wazee na ya vijana, yote ikinuka kitunguu. Kila mmoja ulikuwa umewahi kuwa mkono wa mama yake. Walikuwa wamepangiana zamu, huyu Jumatatu, yule Jumatano, wakija na kitunguu kimoja au karoti, wakikata, wakiondoka. Hawakuliona kuwa ni udanganyifu. Kwao mtu akielemewa na kazi, anayeishika ni jirani, na kazi ikiisha haiulizwi ilishikwa na nani.

"Mwenye nyumba hajaweka mkono," ilisema mashine. "Taarifa itapelekwa kwa mwangalizi."

"Mama, usiweke," alisema Hidaya. "Subiri. Nitairekebisha."

Bi Mwantumu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha. Aliinuka, wanawake wakampisha. Akaitoa mikono yake ndani ya kanga, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu binti yake aliiona: ilitetemeka yote miwili, bila kupumzika, kama majani ya mpapai wakati wa upepo. Akauchagua wa kulia. Akauweka juu ya mpini mbele ya watu wote, na hakuukandamiza.

Mashine ilimtambua mara moja. Ikamtaja kwa jina lake kamili na kumshukuru. Kisha jiko likajifunga, droo ya visu ikajifunga, na kisu cha duara kikarudi ndani ya kava lake.

Wanawake waliviokota vitunguu kimoja kimoja, wakavirudisha kwenye masinia na kuvipeleka nyumba nyingine. Hidaya alimfuata Bi Tunu ukumbini akamshika mkono. Alimuuliza kwa nini hawakumwambia. Angewasaidia. Yeye ndiye aliyekuwa ameitengeneza mashine. Angejua la kufanya.

Bi Tunu alimtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Tukwambie nini, mwanangu? Mama yako hakuogopa ukuta. Ukuta haumjui. Alisema, 'Hida asijue, atafanya jambo.'" Akalirekebisha sinia kichwani. "Na umelifanya."

Hidaya alirudi kiwandani siku ile ile, akamwomba Bwana Shekue marekebisho yaondolewe. Alimweleza kila kitu. Bwana Shekue alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba malalamiko yalikuwa yameanza kuingia tangu asubuhi, kutoka mitaa ya juu na ya chini. Nyumba kwa nyumba, ilikuwa imegundulika kwamba wazee walikuwa wakishikiwa mpini na wapangaji wenzao, na wake za wana wao, na hata na watu wanaowauzia mboga. Hakusema kwa ukali. Alisema yeye mwenyewe alikuwa na shangazi. Lakini je, Hidaya alitaka waandike kwamba mashine inajua ukweli na wameiamuru iseme uongo? Mzee mmoja akiungua, nani atajibu?

Maneno yale Hidaya aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, pale pale kiwandani, alipokuwa akiitetea ngozi-hisi. Alitoka nje akasimama mahali ambapo mji wote ulionekana, na ghorofa zake zinazong'aa. Alikuwa ameupenda mji huu kwa sababu aliamini unatunza watu wake kwa mashine. Kumbe sehemu kubwa ya utunzaji huo ilikuwa mikono ya majirani, na mashine ikichukua sifa. Sasa ile mikono ilikuwa imeambiwa iondoke.

Bi Mwantumu alikataa makao ya wazee, akahamia kwa binti yake. Hakubeba vyombo vingi. Nyumba ya Hidaya haikuwa na mahali pa kuviweka, maana chakula huko kilifika kimeshakatwa na kupimwa. Majirani wa Hidaya walikuwa watu wema waliosalimiana kwenye lifti. Bi Tunu alipiga simu mara kwa mara, wakaongea mambo ya mtaani, nani kajifungua, nani kaolewa, kisha simu zikapungua, kama inavyokuwa kwa mtu aliyehama.

Asubuhi moja ya mapumziko Hidaya alitafuta kitunguu kizima, jambo ambalo halikuwa rahisi katika upande ule wa mji, na kisu cha kawaida cha mkono. Alikuwa amekata shauri: nyumba hii ni yake, atamjibu yeyote. Akaviweka mezani mbele ya mama yake. Ukutani taa ya mwangalizi, aliyehamishiwa hapa pamoja na mama, ilibadilika rangi, na Hidaya akaipa mgongo.

"Kata, mama," alisema. "Kata unavyotaka. Nipo hapa."

Bi Mwantumu alikiangalia kile kisu kwa muda, kama mtu anayetazama picha ya nyumba aliyozaliwa. Kisha akaiingiza mikono yake ndani ya kanga.

"Hapana," alisema taratibu. "Huu mkono haufai tena."

"Nani kasema?"

"Si mlipima?"

Hakumlaumu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na Hidaya akatambua kwamba mama yake aliamini. Majirani walikuwa wameuficha mkono ule usionekane na mashine, na humo mafichoni Bi Mwantumu alikuwa ameendelea kuwa mkataji wa shughuli, anayejua kinene na chembamba. Sasa alikuwa mwanamke mwenye mtetemo.

Hidaya akakivuta kitunguu upande wake, akakikata mwenyewe. Vipande vilitoka vikubwa, vimepinda, vingine kama kabari. Alikikata chote, machozi yakimtiririka, akisubiri mama arudishe hata kimoja. Kisha akavisogeza mbele yake kwenye sahani.

"Vinatosha," alisema Bi Mwantumu, ingawa hakuwa ameviangalia.