Majina Ndani ya Mfuniko

Haya yalimpata Kulsumu binti Muhidin, shangazi yake baba yangu, mwaka 1956. Siku ilianza vizuri tu. Upepo wa Juni uliuma masikio mjini Sumbawanga, naye alikuwa kwenye meza yake ndani ya duka la baba yake, chuma cha lehemu kikipata moto kwenye jiko la mkaa. Watu walimcheka: mwanamke na redio wapi na wapi? Walimcheka, kisha wakamletea redio zao.

Saa nne asubuhi akaingia Bertilla, mjane kutoka kijiji cha Pito, redio kichwani, imeviringishwa kaniki kama maiti ya mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya marehemu mwanangu Adolfu, alirudi nayo kutoka migodini. Inasema hata ikizimwa. Inaita mtu kwa jina, na kesho yake tunazika. Wawili sasa. Shemeji yangu Wilibrodi anasema ndimi ninayeituma. Jioni hii wanakuja kunichomea nyumba."

Damu ilimchemka Kulsumu. Mume akifa, mjane ni mchawi. Mtoto akifa, mjane ni mchawi. Shamba lake likistawi, basi ndiyo kabisa.

"Mama, huu ni ubovu, na ubovu hauna mchawi. Nitautoa, nitakuandikia barua, na huyo Wilibrodi ataimeza."

Akafungua skrubu nne za nyuma. Ndani ya mfuniko palikuwa na majina mawili ya penseli: Zita. Fransisko. Kulsumu akatabasamu. Ndiyo desturi ya mafundi. Ukifungua mashine unaandika jina lako ndani, ili ajaye ajue nani alitangulia. Akalamba ncha ya penseli, akaandika la tatu. Kulsumu.

"Kumbe nina fundi mwanamke mwenzangu. Zita huyu ni wa wapi? Na Fransisko?"

Bertilla akasogea karibu.

"Mwanangu," akanong'ona, "hakuna fundi aliyewahi kuigusa. Hao ndio tuliowazika."

 Kulsumu akalisugua jina lake kwa kidole chenye mate. Halikufutika. Akalikwangua kwa kisu. Likabaki.

Spika ikakohoa.

Akachomoa betri. Ikakohoa tena, kikohozi kikavu cha mtu aliyemeza vumbi la mgodi. Akang'oa taa za kioo za ndani, moja moja. Zilikuwa za baridi. Akakata waya wa spika. Sasa ilikuwa karatasi na sumaku tu.

"Kulsumu," ikasema. Taratibu. Kama mtu anayesoma.

Bertilla akafumba macho. "Ni yeye. Ni Adolfu."

Nje watu walipita na magunia ya ulezi. Hakuna aliyegeuka.

Kulsumu akaufunga mfuniko, akakaza skrubu zote. Kisha akaiandika ile barua: redio ni mbovu, imebaki dukani, mjane hana kosa. Bertilla hakujua kuandika. Alichovya dole gumba kwenye wino wa zambarau wa muhuri wa duka, akalibonyeza chini ya barua kukiri kwamba ameiacha redio.

Mlangoni akageuka.

"Wewe bado msichana," akasema. "Usiogope."

Kulsumu alikesha akingoja kufa. Kukakucha, yu hai.

Asubuhi akaja Wilibrodi, kofia mkononi.

"Barua ilisomwa mbele ya watu, tukarudi. Nyumba hatukuigusa, binti, naapa. Leo tumemkuta Bertilla amelala, amekufa." Akashusha sauti. "Nani kamroga?"

 Kulsumu akachukua bisibisi. Skrubu nne zilikuwa zimekazwa vilevile alivyoziacha. Ndani, Zita. Fransisko. Jina lake halikuwepo, wala mkwaruzo wa kisu. Mahali pake palikuwa na alama ya dole gumba, wino wa zambarau.

Redio ile iko kwetu mpaka leo. Haijasema tena. Mwezi uliopita niliifungua, nikaigusa ile alama.

Kidole changu kilitoka na wino mbichi.