Aliyekaa Nyuma ya Paji

Asubuhi ile mchanganya manukato alifungua chupa ya waridi, ikanuka nywele zilizoungua. Akafungua ya mchaichai. Nywele. Akanusa mkono wa shati lake, maana ndivyo alivyozoea kusafisha pua kati ya harufu moja na nyingine, na shati nalo likanuka nywele.

Mama yake, aliyekuwa akibandika lebo, akamtazama. "Leo pua imegoma, baba?"

"Mafua tu, mama."

Mafua gani. Daktari alimwonyesha picha ya kichwa chake. "Pua yako ni nzima. Lakini hivi vinundu viwili, hapa nyuma ya paji, ndivyo vinavyopokea harufu na kuipeleka kwenye ubongo. Vyako vinafanya kazi hata pasipo na cha kunusa."

"Vinanusa nini?"

"Hilo ungeniambia wewe."

Hakumwambia, na alijua vizuri sana. Dada yake ndiye aliyekuwa na pua hasa. Wateja walimtaka yeye. Kaka na dada walikuwa na mtindo wa kupimana: mmoja anafumba macho, mwenzake anamsogezea chupa, anavuta hewa mara mbili kwa ufupi, anataja kilichomo. Siku moja kaka mtu akamsogezea dawa ya kuzibua mabomba. Dada akavuta. Hakunusa tena kitu. Mwaka haukuisha, gesi ikavuja jikoni kwake asijue, akawasha kiberiti. Mazishini kaka mtu alilia kuliko wote.

Sasa, mchana kweupe, wateja wakiwa wamejaa dukani, akaanza kusikia, si masikioni bali nyuma ya paji, mvuto mfupi mara mbili, kisha kimya, kisha mara mbili tena, kama mtu aliyefumba macho anayengoja kusogezewa chupa nyingine, na kila mvuto ulipopita harufu ilizidi, nywele, kisha ngozi, kisha mafuta ya mwili yakichuruzika, hata akawa hali wala halali, akikimbia chumba hiki kwenda kile, na anayemkimbia amembeba mwenyewe.

Mganga aliitwa. Akamkalisha mkekani, mama pembeni.

"Jini huyu nitamtoa leo," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Ila ana sharti. Sema ulichomfanyia, mama yako asikie."

Akasema yote, akinong'ona, macho sakafuni.

Mama hakulia. Alipiga magoti mbele yake, akasogeza midomo hadi ikagusa paji.

"Binti yangu, umo humo?"

Mvuto mara mbili. Safari hii hata mganga aliusikia.

Mama akamgeukia. "Kusanya vitu vyako, mganga. Hatolewi mtu hapa."

"Mama, atanimaliza."

"Kaa vizuri. Usimtikise dada yako."