Aliyepiga Hodi Kwenye Redio ya Mtoto

Siku ile kibandani walikuwepo fundi wa redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani. Dada yake mkubwa, mshonaji, aliyeweka cherehani yake upande wenye mwanga. Mama kijana anayefua nguo za watu. Na mwanawe wa kiume, amefungwa mgongoni, macho wazi, kimya.

Mama aliweka mezani redio ya mtoto. Vilikuwa vidude viwili vyeupe. Kimoja hukaa karibu na kitanda cha mtoto, kingine mama hukining'iniza kiunoni anapokwenda bombani nyuma ya nyumba, apate kumsikia akilia. Mumewe alivinunua kule mbali anakofanya kazi, vikiwa vimeshatumika, akamtuma mtu avilete.

"Hiki cha kiunoni hakiingizi chaji, kaka. Nachomeka, taa haiwaki."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Lakini nasikia vizuri tu."

Miwani alicheka. "Chaji hakiingizi, na kazi kinafanya? Basi kinakula kwa jirani hicho."

Kabla ya kushika bisibisi aligeuza feni yake ndogo imwelekee mtoto. Mama aliliona jambo hilo. Siku nyingi hakuna mtu aliyemfanyia mwanawe jambo kama lile.

Tundu la chaji lilikuwa limejaa povu la sabuni lililokauka. Miwani alilisafisha kwa mswaki. Halafu akafungua mgongo wa kidude. Betri ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Akaigusa kwa nyaya za mita ya kupimia umeme, akaigusa tena.

"Dada, hii imekufa. Na haikufa jana. Ulikuwa unasikiaje?"

Mama alitazama mikono yake. "Namsikia mtoto anapumua," alisema kwa sauti ndogo. "Na namsikia anayembembeleza."

Cherehani ilisimama. "Nani anayembembeleza?" aliuliza mshonaji. "Si uko peke yako pale?"

"Niko peke yangu."

Aliwasimulia bila kuinua uso. Mchana mmoja alikuwa bombani, mikono ndani ya povu, kidude kikasema hodi. Sauti ya mwanamke, ya taratibu. "Nikasema karibu. Sikufikiri, dada. Mtu akipiga hodi unasema karibu." Halafu akakumbuka kwamba hodi ile ilitoka kiunoni kwake. Alikimbia ndani. Mlango ulikuwa na kufuli kama alivyouacha, na chumbani hamkuwa na mtu, ila harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi.

Tangu hapo mtoto hakulia tena. Sauti ilimwimbia bila maneno, na ikimaliza ilimuuliza mama: umekula?

"Hakuna mwingine anayeniuliza hivyo," alisema. "Nikaanza kumjibu."

"Na mtoto?"

"Anakataa ziwa. Anageuza uso, anacheka na ukuta. Nikimbeba naona amepungua. Nilifikiri kikitengenezwa nitamsikia yeye tu." Akamgeukia mshonaji. "Nataka alie, dada. Alie anitafute mimi."

Miwani aliitoa betri, akaisukuma mwisho wa meza. Na hapo kile kidude, tumbo wazi, bila betri, bila waya, kilianza kuimba, kwanza chini kama mbu wa mbali, kisha wazi zaidi, na ile harufu ya sandukuni ikajaa kibandani ikashinda harufu ya risasi ya kuchomelea, na mtoto akacheka, akanyoosha mikono yake myembamba juu ya bega la mama, si kwa Miwani wala kwa mshonaji, bali kwenye kiti kitupu kilichokuwa kati yao, ambacho mto wake ulikuwa umebonyea.

"Mama wa mtoto," sauti ilisema, "umekula?"

Miwani alirudi nyuma mpaka ukutani. Mshonaji alimshika mama mkono, akamnong'oneza sikioni. "Huyu hakuvunja mlango, mdogo wangu. Ulimwambia karibu, na hujamwambia kwaheri. Muage. Msindikize mpaka njia panda kama unavyomsindikiza mgeni yeyote. Lakini akitaka naye kukurudisha kwako, usikubali hata hatua moja. Mtoto nipe mimi."

Mama alimfungua mtoto mgongoni, akampa.

Alitembea juani ameshika kidude. Upande wake wa kushoto hewa ilikuwa ya baridi, na baridi hiyo ilikwenda kwa mwendo wake, ikipunguza alipopunguza. Njia panda alisimama.

"Asante kwa kumwimbia," alisema. "Asante kwa kuniuliza kama nimekula. Sasa nakuaga. Usirudi kwangu."

"Nikurudishe kidogo?"

"Hapana. Nitafika."

"Utakuwa peke yako."

Aliwaza chumba kile, sahani moja, kikombe kimoja. "Najua," alisema. "Kwaheri."

Jua lilimpiga begani upande wa kushoto. Aligeuka, akarudi huku machozi yanamtoka, na watu wakampisha. Kabla hajafika aliisikia kutoka kibandani, bila redio yoyote, sauti kali ya mtoto anayelia kwa njaa na hasira. Maziwa yakamlowanisha gauni. Akakimbia.

Miwani aliweka betri nyingine, akachomeka waya. Taa nyekundu ikawaka. Tangu siku hiyo mshonaji alimpitia mama kila jioni, na swali lake la kwanza lilikuwa kama amekula.

Mumewe aliporudi, alipiga hodi mlangoni mpaka akachoka. Hakujibiwa. Ilibidi azunguke dirishani, aonyeshe uso, ndipo mama aseme karibu.